Mkono wa Verla, Bastola ya Alma

Jumatano, tarehe 14 Oktoba 2009. Asubuhi ya baridi kali, nyuzi tatu chini ya sifuri; upepo mwembamba wa magharibi; mbingu haina wingu. Barafu kwenye birika la ng'ombe ilikuwa na unene wa sarafu mbili.

Saa moja na dakika ishirini, Verla Haslam alimpiga risasi fahali wa Dwight Kofoed, na risasi ikaingia mahali pasipo pake. Ilitakiwa iingie kwenye paji la uso, pale ambapo mstari kutoka jicho la kulia kwenda pembe ya kushoto unakatana na mwenzake. Iliingia chini ya jicho, ikapasua mfupa wa pua, ikatokea kwenye taya. Fahali hakuanguka. Alipiga chafya ya damu iliyoruka hadi kwenye vyuma vya zizi, akatikisa kichwa mara mbili, kisha akageuka kutafuta mtu.

Mtu aliyekuwa karibu alikuwa Rulon Tripp. Rulon ni binamu yake Verla, na kwa miaka kumi na sita ndiye mchunaji wake. Wanakuja na lori lao lenye winchi mpaka shambani kwako. Verla anapiga, mnyama anaanguka, na kabla ya dakika moja kwisha Rulon ameshafika shingoni na kisu ili damu itoke yote. Kwa hiyo Rulon husimama ndani ya zizi, kando ya lango, kisu kikiwa wazi mkononi. Angeweza kusimama nje. Hakuwahi kuona sababu.

Fahali alimchukua kwa kichwa chini ya mkono wa kushoto, akamwinua, akambana kwenye vyuma. Mbavu zilisikika zikivunjika mpaka kwenye lori. Kisu kilianguka. Rulon alifungua mdomo na hakuna kilichotoka, kwa kuwa hewa yote ilikuwa imeshakamuliwa.

"Piga!" Kofoed alikuwa akipiga kelele kutoka nje. "Piga, mwanamke, piga!"

Verla alipiga. Risasi ya pili iliingia shingoni, kwenye nyama tupu. Ya tatu ilivunja bega. Kichwa hakuweza kukilenga, maana nyuma ya kichwa alikuwepo Rulon. Fahali alirudi hatua moja, akambana tena, na safari hii ilivunjika nyonga. Ndipo Verla alipopanda vyuma kwa magoti, akainama juu ya mgongo wa mnyama, akaushindilia mtutu nyuma ya sikio na kufyatua kuelekea chini. Kilo mia saba zikaanguka mara moja, na zikamwangukia Rulon miguuni.

Walilazimika kumfunga fahali mnyororo na kumwinua kwa winchi ndipo wakamvuta Rulon. Alikuwa na povu jekundu mdomoni.

"Verla," alisema, sauti ikiwa nyembamba kama ya mtoto. "Siku nyingine... lenga ng'ombe."

"Nyamaza, usiongee."

"Nasema tu. Mimi sina pembe."

Gari la wagonjwa lilichukua dakika thelathini na tano kufika. Muda wote huo Verla alimshikilia Rulon kiunoni asijigeuze, na huku nyuma yao, kwenye zizi la pili, fahali mwingine wa Kofoed alikuwa amepata harufu ya damu. Alikuwa akipiga vyuma kwa kichwa, anapumzika, anapiga tena.

Gari lilipoondoka, Kofoed alikuja akasimama mbele ya Verla. Ni mtu mrefu, mwekundu wa uso, na hana kawaida ya kusema taratibu.

"Risasi nne," alisema. "Nne! Umemfanya fahali wangu chujio. Marehemu baba yako Alma angekuwa hapa angekunyang'anya hiyo bastola akakupa ufagio."

"Nimekosea, Ndugu Kofoed."

"Umekosea? Kukosea ni kutia chumvi mara mbili. Yule mtu karibu afe! Nampigia mchinjaji Skousen wa ng'ambo ya mlima aje amalizie huyu wa pili."

Verla alijua maana ya maneno hayo. Baada ya mavuno kila nyumba katika bonde hili hujaza friza yake ya majira ya baridi, na kazi ya Oktoba na Novemba ndiyo inayoilisha nyumba ya Verla mwaka mzima. Mumewe, LaVar, aliumia mgongo kwenye kiwanda cha sukari ya viazisukari na hajasimama kazini tangu hapo. Skousen akikanyaga shamba la Kofoed siku ile, habari ingefika kanisani Jumapili kabla ya wimbo wa kwanza, na Jumatatu kila mtu angekuwa na namba ya Skousen.

"Nipe mpaka saa tisa alasiri," alisema Verla.

"Saa tisa kutatokea nini? Utaota mkono mwingine?"

"Saa tisa nitakuja nimalize kazi yangu. Nikishindwa, mwite Skousen, na mimi mwenyewe nitamfungulia lango."

Kofoed alimtazama, kisha akatazama damu ya Rulon kwenye vyuma. "Saa tisa," alisema. "Si saa tisa na dakika moja."

Kwanza Verla alimaliza kazi iliyokuwapo. Alimchinja yule fahali aliyekufa, akamning'iniza, akamchuna peke yake, akampasua kwa msumeno nusu kwa nusu, akakata na kutupa nyama yote iliyoharibiwa na risasi za shingo na bega. Ni kazi ya watu wawili. Aliimaliza saa tano na nusu, na kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba hata hakikunjiki.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, viganja vidogo kuliko unavyotarajia kwa kazi yake. Baba yake, Alma Pugmire, alichinja mashambani miaka arobaini, na hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa jitu la mtu. Ile bastola aliinunua ikiwa na kitako cha kawaida, akakitupa, akachonga kingine kwa mti wa jozi kufuata mkono wake mwenyewe, kila kidole na shimo lake. Alipolala kitandani akisubiri kufa, mwaka 1990, alimpa Verla bastola mbele ya watu na kumwambia, "Usiwaumize wanyama." Hilo tu. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuuliza kama bastola inamfaa. Ilikuwa ya Alma, na yeye ni binti wa Alma.

Haikumfaa hata siku moja. Kidole chake kilifikia kifyatulio kwa ncha tu, kwa hiyo alijifunza kuizungusha bastola kiganjani ili kidole kifike. Ikizungushwa namna hiyo, teke lake inapofyatuliwa halikuingia kwenye mkono mzima; liliingia lote kwenye kiungo cha kidole gumba. Alivumilia mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi na tano. Kisha kiungo kikaisha.

Duka la Orrin Beckstead liko mwisho wa mji wa Harmon, baada ya ghala la nafaka. Mbele anauza chumvi ya ng'ombe, kamba na mabuti. Ukuta wa nyuma ni bunduki na bastola. Verla aliingia saa sita kasorobo, aproni ya kazi bado ipo mwilini.

"Dada Verla," alisema Orrin. "Nimesikia."

"Nani amekuambia?"

"Uliza nani hajaniambia. Rulon je?"

"Wamemchukua akifanya mzaha."

"Basi atapona. Kaa, nikutilie kakao ya moto."

"Sina muda wa kakao." Aliweka bastola ya baba yake juu ya kaunta. "Nataka kubadilisha hii."

Orrin aliwahi kuona watu wakibadilisha bastola kwa sababu nyingi: talaka, madeni, kuchoka nayo. Hii hakuitarajia. Aliichukua, akaifungua, akahakikisha ni tupu, kisha akamrudishia. "Ishike kama unavyoishika kazini."

Verla aliishika. Orrin alizunguka kaunta, akautazama mkono ule kutoka juu, kutoka pembeni, kutoka chini, akiwa amesukuma miwani yake kwenye paji la uso.

"Inakupigia hapa," alisema, akabonyeza kiungo cha kidole gumba. Verla aliunyakua mkono wake huku akiuma meno.

"Miaka kumi na tisa?" Orrin aliuliza.

"Kumi na tisa."

"Na wewe kimya."

"Nifanyeje? Nimfufue Baba achonge kitako kingine?"

"Ungeniambia mimi. Mimi niko hai, na nyumba yangu iko mita mia nne kutoka kwako."

Walitoka nyuma ya duka, ambako Orrin ana tuta la udongo la kujaribia silaha. Alimjazia bastola ya Alma, akabandika karatasi kwenye ubao. Verla akapiga mara tatu. Orrin hakuitazama karatasi hata mara moja. Alikuwa amesimama pembeni, akiutazama uso wake.

"Unafumba macho."

"Sifumbi."

"Dada Verla, mimi nauza bastola tangu mwaka 1971. Unafumba macho, na mtutu unainama kabla ya mlio. Hebu nenda kaone karatasi yako, matundu yote yako chini ya mstari."

Verla hakwenda kuiona. Aliweka bastola juu ya pipa. Kwa muda alikuwa akisugua kidole gumba chake kwenye aproni, kana kwamba kuna uchafu.

"Tangu lini?" Orrin aliuliza.

"Miaka mitatu."

"Rulon anajua?"

"Hajui mtu. Nilikuwa nasogea karibu. Ukiugusisha mtutu kwenye paji, macho hayana kazi. Huyu wa leo hakutaka nisogee."

Orrin aliingia ndani akarudi na bastola tatu kwenye sanduku la matunda. Ya kwanza ilikuwa ndogo mno. Kidole cha Verla kilipita kifyatulio kikatokea upande wa pili. Ya pili ilikuwa ya kisasa, ya kuvuta kwa juu, na kidole gumba kibovu hakikuweza kuivuta. Ya tatu ilikuwa ya silinda inayozunguka, chuma cha kijivu, kitako cha mpira chembamba. Verla aliishika. Kidole kilikaa juu ya kifyatulio bila kutafuta. Aliishusha, akaiinua tena, na tena.

"Sasa piga," alisema Orrin, "na mimi nitahesabu macho."

Alipiga.

"Umefumba."

Alipiga.

"Nusu. Moja limefumba, moja linachungulia kama jirani."

Alipiga mpaka ikaisha. Orrin aliichukua, akaijaza mwenyewe ili kidole cha Verla kipumzike, akampa tena. Alifanya hivyo mara sita. Kwenye mzunguko wa nne aliacha kusema. Kwenye wa sita Verla alikwenda mwenyewe kuitazama karatasi, na matundu yalikuwa yamekaa pamoja katika nafasi ambayo ungeifunika kwa kifuniko cha chupa.

Makubaliano hayakuchukua muda. Kitu kwa kitu. Na kwa kuwa ya Alma ilikuwa na thamani zaidi, Orrin aliongeza boksi sita za risasi na mkoba wa kiunoni. Kilichochukua muda ni karatasi ya serikali. Verla aliijaza, Orrin akapiga simu ili wamkague mnunuzi, na wakawekwa wasubiri.

"Inasemaje?" Verla aliuliza. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika tano.

"Inapiga muziki."

"Waambie nina fahali."

"Nitawaambia muziki wao mbaya, na Dada Haslam ana fahali."

Waliruhusiwa saa nane na ishirini. Verla aliivaa bastola mpya kiunoni. Ile ya baba yake aliigusa kwenye kitako, kwenye shimo la kidole cha mwisho.

"Usiiweke dirishani."

"Nitaiweka ndani mpaka aje mtu mwenye mkono kama sepetu," alisema Orrin. Kisha akageuza kibao cha mlangoni upande wa "Pamefungwa", akachukua koti. "Nakuja na wewe. Huna mtu wa kisu."

Kwa Kofoed walikuta watu wamekaa kwenye uzio, kama saba hivi, majirani waliopita kwa bahati, wote siku ile ile, wote saa ile ile. Fahali wa pili alikuwa amehamishiwa kwenye zizi kubwa. Paji lake lilikuwa limechubuka kwa kupiga vyuma, na damu yake mwenyewe ilikuwa imemwingia jichoni. Alisimama kwenye kona ya mbali, kichwa chini, akichimba ardhi kwa kwato.

"Saa tisa kasoro dakika nne," alisema Kofoed. "Naona umekuja na bastola ya shangazi yangu."

"Shangazi yako alipiga vizuri?" Verla aliuliza.

"Alimpiga mjomba."

Watu kwenye uzio walicheka. Verla hakucheka. Alimwambia Orrin asimame nje ya lango. "Nje," alirudia, "mpaka nikuite." Akaingia.

Alijaza bastola huku akimtazama fahali. Hapa lazima nieleze kidogo. Bastola za zamani kama ya Alma zina matundu sita, lakini huku kwetu hakuna aliyewahi kujaza yote sita, kwa sababu nyundo yake hukaa juu ya risasi, na ikigongwa na kitu inaweza kulipuka yenyewe. Kwa hiyo watu hujaza tundu moja, huruka moja, hujaza manne, na nyundo huilaza juu ya lile lililo tupu. Vidole vya Verla vilifanya hivyo kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa. Moja, ruka, nne. Vikafanya hivyo tena, macho yake yakiwa kwenye kona ya zizi. Bastola mpya haikuhitaji tundu tupu. Na ilikuwa na matundu saba.

Alifunga silinda, akatembea. Hatua kumi, nane, sita. Fahali alimwona kwa jicho lililo safi. Hatua nne. Hapo Verla alisimama, akainua bastola kwa mikono miwili, akatafuta pale mistari inapokatana, akafyatua.

Nyundo iligonga. Tak. Hakuna mlio.

Mtutu haukuinama. Verla aliwaambia watu baadaye kwamba hilo ndilo alilolikumbuka: mtutu uliotulia hewani kama umeshikiliwa na msumari, na nyuma yake uso mzima wa fahali, na macho yake mwenyewe yakiwa wazi. Fahali alisikia ule mgongano wa chuma. Aliinua kichwa. Kisha akaja.

Mtu mmoja kwenye uzio aliita jina la Mungu. Orrin alikuwa ameshashika komeo la lango. Fahali huchukua hatua mbili kufikia kasi yake, na hatua zilizobaki zilikuwa nne. Verla hakusogea. Alifyatua tena, na safari hii bastola ililipuka, na tundu jekundu likafunguka katikati ya paji, mahali penyewe.

Magoti ya mbele yalikatika. Lakini uzito ule haukuweza kusimama. Uliteleza juu ya tope na barafu, na pembe ikampata Verla kwenye paja, ikachana aproni, suruali na nyama, ikamtupa kwenye vyuma. Aliangukia makalio. Pua ya fahali ilitua juu ya mabuti yake, ikatoa pumzi moja ndefu yenye damu iliyomlowesha mpaka magotini. Verla alilenga tena, akiwa amekaa hivyo hivyo, ili kuhakikisha. Akafyatua.

Tak.

"Kisu!" aliita. "Orrin, kisu!"

Orrin aliingia mbio, akampa. Verla alijiburuta hadi shingoni, akamchinja mwenyewe, damu ya mnyama ikitoka kwa nguvu na kuchanganyika na ya paja lake kwenye tope. Hapo tu ndipo aliposema, "Sasa niinue."

Uzio mzima ulikuwa unaongea. Kofoed ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote.

"Mmeona? Mmeona alivyofanya? Kamlizia nyundo tupu ili ainue kichwa! Ng'ombe ameinama, paji halionekani, sasa unafanyaje? Unamwita! Tak! Halafu unampa. Alma mwenyewe hakuwa na ujanja huo!"

"Kasimama kama nguzo," alisema mwingine.

"Risasi moja," alisema Kofoed. "Moja! Dada Verla, nafuta yale maneno ya ufagio."

Verla alikuwa ameegemea lori, Orrin akimfunga paja kwa taulo. Orrin alichukua bastola kutoka kwenye mkoba wa Verla, akaifungua akiwa amewapa watu mgongo. Ganda moja lililotumika, kila upande wake tundu tupu, na ng'ambo risasi nne nzima. Aliifunga taratibu.

"Saba," alisema kwa sauti ya chini.

"Saba?"

"Ina matundu saba, na huwa inajazwa yote. Sikukuambia. Kule dukani nilijaza mimi. Nani angekaa kumfundisha binti wa Alma Pugmire kujaza risasi?"

Verla aliitazama bastola, kisha akawatazama watu kwenye uzio. "Wao wanasemaje?"

"Wanasema ni ujanja."

Alishonwa nyuzi kumi na moja kwenye zahanati. Alipofika nyumbani, LaVar alikuwa ameketi karibu na simu, kiti chake kimegeuzwa kabisa kuielekea.

"Ndugu Lemmon anataka umfanyie nguruwe wawili Ijumaa," alisema. "Anasema anataka kukaa kwenye uzio asikie ule mlio wa kuita. Wamepiga wengine wawili pia. Mmoja ni yule aliyekuwa akimtumia Skousen! Verla, unanisikia? Skousen!"

"Nakusikia."

"Basi mbona umekaa hivyo? Ni nyuzi?"

"Ni nyuzi," alisema Verla, akaenda kuosha damu.

Alhamisi asubuhi aliondoka nyumbani saa moja kasorobo, akiendesha kwa mguu mmoja, na bakuli la viazi vya jibini kwenye kiti cha pembeni. Rulon alikuwa amelala chali hospitalini, mbavu tano na nyonga, bomba puani.

"Mchawi amefika," alisema. "Muuguzi wangu ni mpwa wa Kofoed. Nimesimuliwa mara tatu."

"Haikuwa ujanja, Rulon. Nyundo iliangukia tundu tupu. Nilijaza kwa hesabu ya Baba kwenye bastola ya matundu saba."

Rulon alihesabu kwa vidole juu ya shuka. Moja, ruka, nne. Akarudia. "Kwa hiyo ulikuwa na risasi moja, huku tupu, huku tupu."

"Moja."

Alianza kucheka, akashika mbavu, akalaani, akacheka tena. "Usinifanyie hivi, mwanamke, nitapasuka."

"Kuna jingine." Verla alibaki amesimama. "Ile bastola ya Baba ilikuwa inaniumiza. Nimekuwa nikifumba macho ninapopiga. Miaka mitatu."

Kicheko cha Rulon kiliisha.

"Miaka mitatu nimesimama mle ndani na kisu," alisema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia, ningesimama nje. Lango liko pale, Verla. Ni hatua mbili. Ningepiga hatua mbili tu."

"Najua."

"Hujui. Wewe hukulala chini yake."

Muuguzi aliingia, akapima kitu, akatoka. Rulon alinyoosha mkono kuelekea kwenye bakuli, na Verla akampa kijiko. Alikula vijiko vitatu bila kumtazama.

"Nikirudi," alisema, "na sijasema narudi, mimi ndiye nitakayejaza. Wewe kazi yako ni kutazama."

Kutoka hospitalini Verla aliendesha moja kwa moja hadi kwa Kofoed. Alimkuta akivunja barafu ya birika kwa shoka. Alimweleza yote mawili, la macho na la risasi, wakiwa wamesimama kando ya zizi ambalo bado halijaoshwa.

Kofoed alisikiliza, shoka likiwa begani. "Ningekuwa wewe ningenyamaza," alisema mwishowe. "Watu wamefurahi. Unawanyang'anya nini?"

"Lemmon anataka kukaa kwenye uzio. Mtu akikaa pale ajue amekalia nini."

"Watakwenda kwa Skousen. Wengine watakwenda."

"Watakaokwenda waende."

Kofoed alivunja barafu mara mbili zaidi, ingawa ilikuwa imeshavunjika. Kisha akamwelekeza mlango wa jikoni kwa kidevu. Verla alifuta mabuti, akaingia jikoni, akaiomba simu kwa mama wa nyumba. Alimpigia Lemmon kwanza, kisha wale wawili wengine, mmoja baada ya mwingine, akawaeleza yale yale mawili, akiwa amesimama kwa mguu wake mzima.